Betri ya Tatu

Betri ya droni haipendi baridi. Nalisema hilo kila mwaka, na kila mwaka kuna mtu ananibishia. Watu wa hapa Johannesburg wananunua droni Desemba, jua linawaka, wanairusha bustanini watoto wanashangilia, basi wanajiona marubani. Ikifika Julai wanatoka nayo asubuhi, umande umeganda juu ya majani, wanaitoa kwenye buti la gari na kuipeleka juu papo hapo. Dakika ya nne wanapiga yowe. "Lakini skrini ilisema asilimia hamsini!" Ndiyo, ilisema. Betri yenye baridi inakuonyesha hamsini, ukiilazimisha kidogo inaporomoka mpaka kumi, na ikishafika kumi haina muda wa kukuaga. Nimepanda mapaa mengi ya Randburg kuokota mabaki ya droni za watu wabishi.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Napiga picha za mapaa kutoka juu, wenye majengo wajue wapi panavuja, na Jumamosi napiga harusi. Vibali ninavyo. Sirushi juu ya vichwa vya watu, sirushi penye ukungu, sirushi mahali nisipoiona kwa macho yangu. Nina mdomo mchafu nikikasirika, mke wangu atakwambia, lakini kazini mimi ni mtu wa utaratibu, na utaratibu huo sikuzaliwa nao. Nilifundishwa na baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kushika rimoti ya droni maisha yake yote.

Baba alizaliwa hapa. Akiwa kijana alikimbia nchi pamoja na wapigania uhuru wenzake, akafika Morogoro, akamkuta mama yangu anashona sare za shule kwenye kibaraza cha duka. Mimi nilizaliwa huko. Mambo ya huku yalipobadilika, baba alirudi kwao. Mama na mimi hatukurudi, sisi tulikuja. Tukakaa Joubert Park, ghorofa ya saba, kwenye jengo lenye Wakongo wanaosuka nywele chini na Warundi wanaoimba kwaya juu. Kiswahili tulikiongea ndani na kwenye ngazi, na baba alikiongea mpaka siku anakufa, tena kile cha Morogoro, cha kuvuta maneno.

Mama aliivumilia baridi ya hapa miaka mingi. Halafu bibi akaugua, mama akaenda kumuuguza, bibi akafariki, na mama hakurudi. Hawakuachana, jamani, msije mkasema. Baba alikuwa kila mwaka anasema mwakani atamfuata, na kila mwaka kulikuwa na pensheni ya kufuatilia, au goti, au mimi. Ndiyo, na mimi. Alikuwa amestaafu ulinzi, nami nilikuwa nimeanza hii kazi ya droni, akasema hawezi kuniacha peke yangu na kile kinzi changu. Ndivyo alivyokiita, kinzi, yaani nzi mdogo.

Katika hii kazi, ukiwa unatazama skrini lazima awepo mwenzako anayetazama angani. Baba ndiye alikuwa macho yangu. Asubuhi za baridi alivaa koti lake refu la sufu, betri zote tatu akazitia kwenye mifuko ya ndani, karibu na kwapa, akasema, "Lete mayai niyaatamie." Nilikuwa nacheka. Lakini zilitoka humo zina joto la mwili wa mtu, na hakuna kifaa cha dukani kilichowahi kunifanyia kazi vizuri kuliko lile koti. Nikiirusha aliniambia niiache kwanza isimame hewani, kimo cha mtu, dakika nzima, ipate moto yenyewe. "Iache ipumue." Halafu akikodoa macho juu, mikono nyuma, alikuwa anahesabu muda kichwani. Ikikaribia asilimia arobaini alisema, "Arobaini. Teremsha." Mimi nabisha, Baba, bado tuna dakika sita. Yeye hajibu. Anaondoka kwenda kukaa ndani ya gari, ananuna kama mtoto, mpaka niiteremshe. Wakati wa baridi ni arobaini. Kiangazi aliniruhusu thelathini, tena kwa shingo upande.

Alifariki Jumapili moja ya Juni, amekaa kwenye kiti chake, chai yake bado inatoa mvuke. Nilikuwa jikoni namkatia mkate. Nilimwita mara mbili na nikakasirika kwamba haitikii. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba neno la mwisho alilolisikia kwangu, kama alilisikia, ni la kufoka.

Nilipompigia mama hakulia. Aliuliza, "Nani kamwona?"

Nikamwambia, mimi, mama, nimemwona mimi.

"Basi mimi sijamwona," akasema.

Kusafiri hakuweza. Daktari alishamkataza ndege kwa ajili ya moyo, na basi ni siku tatu mpaka nne, moyo ule usingezistahimili, na mazishi yalikuwa Jumamosi. Jioni akanipigia tena, sauti imenyooka kabisa, akanieleza anachotaka. Mjomba wangu, kaka yake, alikwenda kuchimba madini akafia huko, kilichorudi nyumbani ni shati na mkanda. Bibi hakukubali. Alimtengea sahani yake kila mlo, mwaka baada ya mwaka, na mama alikua anakula pembeni ya sahani ile yenye chakula cha mtu ambaye haji. "Sitaki kuwa kama mama yangu," aliniambia. "Nataka nimwone anavyoshuka na anavyofunikwa, saa ile ile. Usiniletee picha za baadaye, za baadaye ni za watu wengine. Kile kidude chako kinaruka, si kinaruka? Basi kirushe nimwone mume wangu."

Nikasema ndiyo. Ungesema nini wewe?

Kikwazo cha kwanza kilikuwa shangazi, dada pekee wa baba, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ndiye aliyeshika msiba. Tunaongea Kizulu, changu kimevunjikavunjika na chake kimenyooka kama rula. Nilipomwambia alinitazama. "Nzi juu ya jeneza la kaka yangu?" Moto ukanipanda. Nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii shangazi yake, tena mbele ya wanawake waliokaa chini kwenye magodoro. Nikatoka nje, nikavuta pumzi, nikarudi nikapiga magoti. Nikamsimulia habari ya sahani. Akajifuta uso na ncha ya shali. Akakubali, kwa masharti: kinzi kikae mbali na juu, nisikae mstari wa mbele na familia, binamu yangu atupe udongo kwa niaba yangu, na asione simu hata moja karibu na kaburi. Kwao simu kaburini ni utovu wa adabu, na sikubishana naye.

Kikwazo cha pili kilikuwa lile koti. Nililitaka kwa ajili ya betri. Shangazi akashika mlango wa chumba cha baba, akanifafanulia kwa upole sana, kama mtu anayeongea na mgeni, kwamba nguo za marehemu haziguswi mpaka miezi ipite, zifuliwe, zigawiwe. Alikuwa ameshazifungia na ufunguo uko kifuani kwake. Hapo sikufoka tena. Nilichoka. Nikamweleza kwamba kaburini asubuhi kutakuwa na baridi kali, suti yangu ni nyembamba, betri zikipoa hazifai.

"Kwani zinataka nini?" akauliza.

"Joto la mtu tu, shangazi."

"Basi nipe mimi moja. Mimi nitakuwa nimejifunika blanketi zito, nina moto kuliko wewe, kijiti wewe." Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu Jumapili.

Nilimshukuru. Jumamosi alfajiri, kabla gari la maiti halijaondoka nyumbani, nikampa betri ya tatu, akaitia chini ya titi, blanketi juu yake. Mbili nikabaki nazo mwilini mwangu, ndani ya shati. Wala sikufikiria zaidi ya hapo. Mtu aliyelelewa huku tangu utotoni angejua pale pale kwamba nimekosea, lakini mimi kichwa changu cha misiba ni cha Morogoro, ambako watu kaburini wanasimama, wanasukumana, wanapeana nafasi, anayetaka kupita anapita.

Makaburini tulifika jua ndiyo kwanza linachomoza. Kila pumzi ilionekana. Jumamosi za hapa makaburini kuna foleni: msiba huu unashusha, wa pili unaimba, wa tatu unaegesha mabasi, wote wamepakana kama majirani wa ghorofa moja. Nilichagua mahali pa kusimama, kilima kidogo penye njia ya kokoto, hatua kama sabini kutoka kaburi letu. Nilifunga simu yangu kwenye kishikio ikitazama skrini ya rimoti, nikamwita mama kwa video, kisikilizio sikioni. Akatokea. Alikuwa amevaa kitenge cheusi na kitambaa kichwani, amekaa peke yake chumbani. Majirani aliwaacha nje.

Niliirusha ya kwanza msafara unaingia. Niliiacha ipumue dakika nzima, mama akaniuliza mbona haiendi, nikamwambia subiri mama, ndivyo mzee alivyotaka. Halafu ikapanda. Mama akaona mabasi, akaona wanaume wamebeba jeneza, akaona milima ya mchanga wa migodi kule mbali. "Analala upande gani?" Nikamwonyesha. "Jirani zake kina nani?" Sikujua jirani zake kina nani. Nikamwambia watu wazuri. Ilipofika arobaini nikaiteremsha bila ubishi wowote, nikatia ya pili, nikakaa chini nikisubiri washushe. Mpaka hapo nilikuwa nafanya vizuri, na baba angeniambia hivyo.

Mchungaji alipofunga Biblia na wale vijana wa mazishi wenye glovu nyeupe wakasogea kwenye mikanda ya kushushia jeneza, nikairusha ya pili. Nilijua kushusha kunachukua dakika tano, kufunika kwa makoleo kama kumi na tano. Ya pili ingenipa kushuka na mwanzo wa udongo, halafu nichukue ya tatu kwa shangazi nimalizie. Hesabu yangu ilikuwa hiyo.

Lakini kabla mikanda haijalegezwa, mzee mmoja akanyanyua mkono. Alikuwa mwenzake baba wa uhamishoni, walilala bweni moja Morogoro. Akapewa kipaza sauti. Akaongea kidogo Kizulu. Kisha akainua uso, akaitafuta droni angani mpaka akaiona, akavua kofia, na akaanza kuongea Kiswahili.

"Shemeji," akasema, "kama unatuona, sisi hatujambo. Mumeo tumemleta."

Mama akaweka kiganja mdomoni.

"Shemeji, mimi ndiye yule uliyenishonea suruali ukakataa hela. Nilikuwa nimetoka kwetu na suruali moja. Mumeo alinicheka wiki nzima kwamba nimependeza kuliko yeye." Aliongea hivyo, ameitazama droni juu, machozi yanateremka kwenye ndevu, na umati mzima usiojua neno moja la Kiswahili umetulia tuli. Mama akawa anamjibu. Anamjibu sikioni mwangu, kana kwamba mzee anamsikia: ndiyo shemeji, nakukumbuka shemeji, ulikuwa mwembamba, hukuwa na mtu.

Na mimi naiona namba pembeni ya skrini. Hamsini na mbili. Arobaini na sita. Arobaini.

Arobaini, teremsha. Nilimsikia baba kabisa. Lakini nimteremshie mama yangu uso wa yule mzee katikati ya sentensi? Sikuweza. Nikajiambia, basi nitaishusha ikifika thelathini na tano. Mzee akaendelea. Na baridi nayo ilikuwa inafanya kazi yake, kaupepo ka kusini kalikuwa kameanza, droni inajikaza kusimama mahali pamoja, na kujikaza huko kunakula betri. Mzee akamaliza saa namba imefika thelathini na moja. Kwaya ikaanza. Vijana wakalegeza mikanda. Jeneza likatikisika, likaanza kushuka.

"Huyo," mama akasema. "Huyo, huyo. Nimemwona. Mshikilie hapo."

Thelathini na moja ikawa ishirini na tatu. Haikupita ishirini na tisa wala ishirini na sita. Rimoti ikaanza kulia. Nilitazama juu kwa macho yangu mwenyewe. Upepo ulikuwa umetusogezea msiba wa jirani, au niseme msiba wa jirani ulikuwa umefika na kutandika hema lake chini kabisa ya droni yangu; wanawake, wazee kwenye viti, watoto wamefungwa mablanketi migongoni. Kitu kile kina mapanga manne yanayozunguka, na kikizimika kule juu hakielei, kinashuka kama tofali.

"Mama, naiteremsha."

"Usiteremshe! Bado hajafika chini!"

"Mama, itaua mtu."

"Nakuomba. Mwanangu, nakuomba, nakuomba."

Niliiondoa juu ya watu, nikaileta kwangu. Ilitua kwenye kokoto na asilimia kumi na moja. Hilo sijutii. Nimelifikiria usiku na mchana na sijutii, ningelifanya tena hata leo. Kisa changu hakiko hapo.

Kisa changu ni kwamba betri ya tatu ilikuwepo. Nzima, imejaa, ina joto. Ilikuwa hatua sabini kutoka niliposimama, chini ya blanketi la shangazi. Ningekimbia, ningerudi, ningebadilisha kwa sekunde ishirini, na makoleo yalikuwa hata hayajaanza. Nilipiga hatua za kwanza kumi hivi, nusu mbio. Ndipo nikaona kilichokuwa mbele yangu. Familia imekaa kwenye viti, safu moja, magoti karibu yaguse ukingo wa kaburi. Nyuma yao watu wamebanana mpaka hapapenyeki. Ili nimfikie shangazi ilikuwa lazima nipite pale mbele, kati ya familia na kaburi lililo wazi, jeneza likiwa kwenye mikanda. Huku hakuna anayepita pale. Familia haiinuki na hakuna anayeikatiza mpaka kaburi lifunikwe. Mzee wa kanisa aliyesimama pembeni akaniona nakuja, akanitazama tu. Watu wawili watatu wakageuka. Nikayaona mawazo yao, au nilijidanganya kwamba nayaona: ndiye huyu mtoto wa kule, asiye na adabu, aliyemfokea shangazi yake, sasa anaruka kaburi la baba yake kwa ajili ya mdoli wake.

Shangazi naye alinitazama. Macho yake yalinikaza. Nikaelewa ananiambia nitulie, nisimwaibishe kaka yake.

Nikaona aibu. Ndiyo hivyo, sina neno lingine. Mimi ninayejisifu kwa mdomo, ninayegombana na wenye majengo, ninayemtukana dereva wa teksi kwenye robot, taa za barabarani, mchana kweupe, nikasimama pale kwenye nyasi nikiogopa kutazamwa. Halafu nikarudi nyuma, polepole, kama mtu aliyekuwa anajinyoosha miguu.

"Mbona naona mawe?" mama akauliza. Kamera ilikuwa inaangalia kokoto. "Betri imeisha? Weka nyingine. Si una nyingine?"

"Subiri mama."

"Nasubiri."

Akasubiri. Kisha kipaza sauti cha simu kikanasa makoleo. Huku wanaume huvua makoti na kufukia wenyewe, kwa zamu, haraka, kwa nguvu, na udongo wa Juni ni mkavu, unagonga mbao kwa kishindo. Sauti ile ilimfika mama sikioni akiwa anatazama mawe.

"Hicho ni nini?"

"Udongo, mama."

Simu yangu ikazimika kwa baridi dakika chache baadaye, na nilishukuru ilivyozimika.

Tuliporudi nyumbani watu wakapanga foleni kwenye beseni la maji getini kunawa mikono, ndivyo inavyofanywa ukitoka makaburini. Shangazi alikuwa mbele yangu. Akaingiza mkono kwenye blanketi, akatoa betri, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na joto kama mkate.

"Ulikuwa unangoja nini?" akaniuliza, taratibu, watu wasisikie. "Niliitoa. Nilikuwa nimeishika mkononi, nakusubiri. Nikakutolea macho uje. Ukarudi zako."

"Nilidhani unanikataza."

"Mwanangu, ungepita. Wangenung'unika wiki moja." Akanawa mikono, akaingia ndani.

Jioni nilimpigia mama nikamwambia betri zote ziliisha kwa baridi. Zote tatu. Akanifariji. Alinifariji yeye mimi! "Baridi ya huko naijua, ndiyo iliyonifukuza," akasema. "Usijilaumu. Ulifanya ulichoweza." Kila aliyempigia simu ya pole alimweleza hivyo, kwamba mwanangu alijitahidi, baridi ikamshinda. Niliyasikia hayo mpaka kwa watu wa ukoo nisiowajua.

Lakini matanga hakuyaweka. Majirani walikuja na mikeka na masufuria, akawapa chai, akawashukuru, akawarudisha na mikeka yao. Mama mdogo alinipigia, ana wasiwasi. "Dada hataki kuvaa nguo za msiba tena. Anasema yeye alichokiona ni sanduku kwenye kamba. Sanduku lilikuwa bado linaning'inia." Nilipoongea naye mwenyewe alisema baba yako hapendi hivi, baba yako anataka vile, yote ya mtu aliye hai, na mara moja aliniuliza kama baba amepata dawa ya goti. Kisha akajishtukia, akacheka, akabadilisha mazungumzo. Nilikaa kitandani, simu mkononi, nikalia kwa sauti mpaka mke wangu akafunga mlango watoto wasinione.

Septemba, baridi ilipokatika, nikaomba ruhusa ofisi ya makaburi, nikaenda peke yangu siku ya kazi. Hakukuwa na upepo wala mtu. Nilimpigia mama, nikairusha. Kwa mazoea niliiacha isimame dakika nzima kimo cha kifua, ingawa hali ya hewa haikuhitaji. Kisha nikaipeleka juu ya kaburi, nikashusha kamera polepole mpaka tuta likajaa skrini yake.

Aliangalia sana.

"Naona tuta," akasema. "Asante. Ni zuri, wamelipanga vizuri mawe yake."

"Ndilo lenyewe, mama."

"Nakuamini. Nasema tu kwamba naona tuta. Mtu simwoni." Alivuta pumzi. "Ile baridi, mwanangu. Ingetupa dakika tano tu."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba si baridi, kwamba betri ya tatu ilikuwa nzima kwa shangazi, kwamba ilikuwa lazima nipite mbele ya watu, kati yao na kaburi, na nikaona aibu. Nilimwambia shangazi alikuwa ameinyoosha mkononi ananisubiri. Nilikuwa naongea kama mtoto aliyevunja kitu.

Mama hakunikatiza. Nilipomaliza nilisikia kuku kwenye uwanja wake, na mtu anapita barabarani anapiga honi ya baiskeli.

"Ilikuwa mbali kiasi gani?" akauliza.

"Hatua sabini."

"Mimi ningetambaa," akasema.

Nikaomba radhi, akasema haya. Nikamuuliza kama niteremshe sasa, akasema hapana, niiache hapo hapo, bado anatazama. Nikaiacha.